Saa Nane na Dakika Kumi na Nne

Karatasi imerudi kutoka Unguja, imeandikwa 02:14.
Mkuu wa kituo akasoma saa mbili,
akamtazama Shaame mlinzi, ambaye saa mbili
ndiyo kwanza alikuwa katoka kusali Isha,
kikombe cha chai mkononi, peke yake na mizani.
Nikamwambia, si mbili hiyo, bwana. Mashine ina saa yake.
Ni nane. Nane ya usiku,
Konde nzima imelala, hata paka wa sokoni.
Shaame akashusha pumzi.
Mimi yangu ikapanda.

Maana mstari uliofuata niliujua kabla sijausoma.

Kazi yangu ni ndogo.
Kila anayefungua, kila anayefunga,
kila gunia la karafuu linalopanda mizani na kushuka,
mashine huandika mstari.
Zamani mistari ililala humu humu ndani:
mwizi akiingia huiba, kisha akafuta nyayo zake
kwa ufagio ule ule wa mwenye nyumba.
Nikasema basi, isilale. Isafiri.
Ukizaliwa mstari, uende Mazizini kwenye seva
kabla kitovu hakijakatwa.

Ila mwanzo ilikwenda uchi.
Barua bila bahasha, mkono kwa mkono:
majina ya watu, kilo za watu,
na mwenye kutega sikio kwenye waya akijisomea.
Ramadhani nzima nikakesha kuitafutia stara.
Cheti cha seva, cheti cha mashine,
kila mmoja amuoneshe mwenziwe hati kabla ya salamu,
kama watu wa posa: wewe nani, wa nani, nani shahidi wako?
Siku ya kwanza Unguja wakaikataa.
Umeme ulikatika wakati wa daku,
saa ya mashine ikarudi mwaka sabini,
na cheti changu, kwa hesabu yake, kilikuwa hakijazaliwa.
Nikacheka peke yangu. Nikaiweka saa sawa.
Ikapita.

Tangu hapo mtandao ukizimika mistari hupanga foleni,
hungoja, haumwagiki hata mmoja.
Na ukishaondoka, hata mimi niliyeufunga
siwezi kuurudisha.
Nililitaka hilo. Nilipewa na barua ya pongezi.

Sasa soma.
Kilo 41 za Bi Mize Kombo, wa Kifundi,
zimegeuzwa 14.
Aliyegeuza: tumu.
Tumu ni mimi.

Usiku ule nilikuwa Micheweni, hitima ya shangazi.
Neno langu la siri nilimwachia Khatib,
nyuma ya risiti, kwa kalamu nyekundu,
amalizie foleni ya jioni tu.
Mashine haijui vidole. Inajua jina.
Na Khatib, au aliyeiokota risiti ya Khatib,
akalifuta daftari la hapa
likawa kama sahani iliyolambwa.

Hapa pangekuwa peupe.
Hapa ningeapa. La, nisingeapa hata,
ningenyamaza, na kimya kingetosha.
Lakini mstari ulikwisha kuvuka,
ndani ya bahasha niliyoishona kwa mkono wangu,
haukuguswa hata nukta,
na kule Mazizini jina langu limekaa kitako.

Nimebadili neno la siri. Na hilo nalo limeandikwa, limekwenda.
Nimempa mkuu ukurasa mmoja, nimeuanza na "mimi".
Kisha nikamfuata Bi Mize Kifundi, nikamweleza yote,
cheti, ufunguo, bahasha,
namna ukweli wake ulivyofika Unguja salama.
Alikuwa juu ya jamvi, akichambua karafuu na makonyo.
Hakuacha.
"Miye hayo siyajui, mwanangu.
Umefika salama, alhamdulillahi."
Akatupa konyo moja pembeni.
"Na kilo zangu ishirini na saba
zitafika lini?"